Tulipiga kwa Ajili ya Wageni

Mwezi uliopita tulimzika mwenzetu mmoja hapa Mombasa, mtu wa Majengo, ambaye kwa miaka zaidi ya ishirini alikuwa akitengeneza viti na vitanda vya kamba. Waliomsalia walikuwa wengi, alhamdulillahi, na takriban wote walimjua kwa kazi hiyo ya viti. Sisi watatu tuliosimama safu ya nyuma tulimjua kwa kazi nyingine. Miaka tisa, tangu 1988 hadi 1997, marehemu alikuwa mpiga dramu katika bendi ya hoteli moja ya pwani ya kusini, na mimi nilikuwa nimesimama mbele yake nikipiga gitaa la besi.

Siku ya tatu, baada ya khitma, mwanawe wa pili aliniita kando, akaniambia, "Ami, hebu sikiliza hii," akanipa simu yake. Nikasikia wimbo. Uliwekwa mtandaoni na mtu wa Ujerumani, ambaye bila shaka aliwahi kuja kustarehe huku na kununua kanda yetu pale hotelini. Maelezo yake yalikuwa mafupi kabisa: bendi ya hoteli, Mombasa, 1991. Hakuna jina la bendi wala la mtu. Nikasikiliza hata katikati, nikajisikia mwenyewe nikikosea kwenye besi, pale pale nilipokuwa nikikosea kila usiku, na marehemu akinisitiri kwa kugonga matoazi kwa nguvu.

Kijana akaniuliza, "Huyu ni baba?"

Hakuwa akijua. Ana umri wa miaka thelathini na mbili, na hakuwa akijua.

Msomaji aliyezoea kuniona katika ukurasa huu nikijibizana na malenga wenzangu juu ya vina na mizani huenda akastaajabu kunisikia nikisema habari za magitaa. Nami nimekaa na habari hii kifuani muda mrefu, na lau kama si swali la kijana yule ningeendelea kukaa nayo. Kwani jambo lenyewe si langu peke yangu. Tangu miaka ya 1970 hoteli nyingi za pwani, kutoka Diani hadi Malindi, zilikuwa na bendi zao, na vijana wa Kiswahili, wa Kimijikenda, wa bara na hata wa Kongo na Tanzania walikula mkate wao humo. Wengi wao sasa ni wazee au ni marehemu. Yafaa tuulize ilikuwaje muziki uliopigwa kila usiku kwa muda wa miaka ishirini na zaidi ukapotea kama maji yaliyomwagwa mchangani.

Mimi nimezaliwa 1969 katika Mji wa Kale. Nilitiwa chuoni kabla sijatiwa skuli, nikahitimu Kurani kabla ya darasa la saba. Mapigo ya muziki sikuyajifunza kwa Mzungu. Niliyajifunza kwenye matari ya maulidi, ambapo mtoto akipotea katika zamu yake hutupiwa jicho na wakubwa hata akatamani ardhi immeze. Nilipoanza kushika besi niliona ni kazi ile ile: kukaa chini ya sauti za wengine, kutopotea, na kutojionyesha. Gitaa lenyewe nilifunzwa na jirani yetu mmoja aliyekuwa akifanya kazi bandarini, ambaye alikuwa na santuri za Santana na Jimi Hendrix alizoachiwa na baharia. Alizipenda santuri zile kuliko chakula. Roki ndiyo iliyotutia wazimu sisi vijana watano wa mitaa hiyo, wala si rumba iliyokuwa ikipigwa na watu wazima. Tulikuwa tukifanya mazoezi katika ghala la mkaa, kwa gitaa mbili na madebe, mchana, wakati wazee wamelala kailula.

Hotelini tuliingia 1988. Hapa nataka nieleze mambo yalivyokuwa yakiendeshwa, kwani asili ya msiba imo humo. Vyombo vyote, magitaa, dramu, kinanda cha umeme, vipaza sauti, vilikuwa mali ya hoteli. Hata mashati ya vitenge tuliyovaa yalikuwa mali ya hoteli, na mtu akiacha kazi huyavua. Mwenye vyombo ndiye mwenye bendi; ndiye aliyechagua jina, ndiye aliyechagua nyimbo. Saa moja ya usiku tulipiga muziki wa pole wageni wakila. Saa tatu tulianza muziki wa kucheza hadi saa sita. "Jambo Bwana" tulikuwa tukiupiga mara tatu kwa usiku, "Malaika" mara mbili, na humo kati nyimbo za Kizungu zilizokuwa zikijulikana na kila mtu. Roki yetu ilipata nafasi siku ambazo meneja hayuko, au manowari za Marekani zilipotia nanga Kilindini, maana tangu mapatano ya 1980 baina ya Marekani na Kenya meli zile zilikuwa zikija mara kwa mara, na mabaharia hawakuwa na haja ya kuambiwa jambo wala habari gani. Walitaka gitaa lilie. Usiku kama huo mpiga gitaa wetu wa kwanza alikuwa mtu mwingine. Nimesikia wapigaji wengi tangu hapo, na bado nasema yule kijana wa Kisauni alikuwa na mkono usiokuwa wa kawaida.

Mshahara ulikuwa shilingi themanini kwa usiku. Si haba kwa wakati ule. Baada ya kazi tulingoja gari la wafanyakazi, tukavuka kivuko cha Likoni saa nane ya usiku, na mimi nilikuwa nikiingia nyumbani kwa mlango wa uani.

Mlango wa uani! Hilo ndilo neno. Mama alijua, baba alijifanya hajui. Maalim wangu wa chuoni alijua, kwani siku moja alinishika mkono nilipomwamkia, akaziangalia ncha za vidole vyangu vya kushoto vilivyofanya sugu kwa nyuzi, akaniachilia bila kusema neno. Ningalipenda angalinikemea. Mtaani tukiulizwa tulisema twafanya kazi hotelini, na watu wakadhani tu wahudumu wa meza. Marehemu yeye alikwenda mbali zaidi: alipooa, 1990, alimwambia mkwewe kwamba yeye ni fundi wa umeme wa hoteli ile. Akaendelea na uongo huo mpaka hoteli ilipomwachisha, kisha akaona hakuna haja ya kuufumua.

Sasa niseme neno juu ya dini, kwani najua wasomaji wangu na najua barua zitakazokuja. Mimi si mufti. Lakini niliyoyasoma nimeyasoma. Imamu Ghazali katika Ihyaa, alipozungumza juu ya kusikiliza nyimbo, alikataza vyombo vya nyuzi na zumari, na sababu aliyoieleza ni kwamba vilikuwa ni alama ya watu wa ulevi na vikao vyao. Hakusema kwamba utamu wa sauti ni dhambi, kwani sauti ya ndege nayo ni tamu na hakuna aliyeiharimisha. Wako maulamaa waliokaza zaidi kuliko yeye, na wako waliolegeza, kama Ibn Hazm wa Andalusia. Watu wa pwani tu Mashafi, na madhehebu yetu katika jambo la nyuzi ni mazito. Haya tuyakubali.

Lakini tukisha kuyakubali, tutazame tulivyotenda. Marehemu Zein l'Abdin alipiga udi, na udi ni nyuzi tupu. Marehemu Juma Bhalo aliimba kwa tuni za Kihindi zilizotoka katika sinema, nasi tukampenda na kumkalisha mbele. Taarabu ikatia kinanda cha umeme, ikatia gitaa, ikatia besi ile ile niliyokuwa nikiipiga mimi, na hakuna bibi harusi wa Mombasa aliyekosa usingizi kwa ajili hiyo. Kwa hiyo tusidanganyane kwamba tulizikataa bendi za hoteli kwa ajili ya nyuzi. Tulizikataa kwa ajili ya mahali. Pale palikuwa na pombe, palikuwa na watu nusu uchi, na palikuwa na lango lenye bawabu ambaye kazi yake ilikuwa kumzuia mtu kama baba yangu asiingie. Kwa upande wa pombe twakutana na maneno ya Ghazali, nami sina la kujibu. Nilikuwapo, na glasi zilikuwa zikiwekwa juu ya spika yangu. Lakini bawabu yule hakuwekwa na sharia. Aliwekwa na biashara ya utalii, iliyokuwa ikiuza pwani na kuwaficha watu wake, isipokuwa wale waliovaa vitenge na kusema jambo.

Hapa ndipo ninapoona tofauti baina yetu na waliotutangulia. Mwanzoni mwa karne iliyopita pwani yetu ilivamiwa na beni. Tarumbeta, ngoma za kijeshi, magwaride, vyote vilikuwa vya kuiga Wazungu. Hapa Mombasa palikuwa na vyama vya Kingi na Skochi, na mashindano yao yaliwafilisi watu. Ulikuwa ni mwigo, lakini mwigo wa mtaani, mbele ya macho ya mtaa, kwa mashairi ya Kiswahili ya kupigana vijembe. Waliolipa walikuwa wenyewe, waliotazama walikuwa wenyewe, na kwa sababu hiyo habari zake zilihifadhika vinywani hata wanachuoni wakaja wakaziandika. Taarabu nayo ilikuwa na wenyewe. Siti binti Saad alikwenda Bombay 1928 kutia sauti yake katika santuri, na santuri zile zilirudi zikanunuliwa na watu wa huku. Baadaye duka la Assanand hapa Mombasa likatoa santuri za taarabu, na Mbwana Radio ya Mji wa Kale ikasambaza kanda, nyingine zikiwa zimenaswa papo hapo harusini, kelele za watoto na vigelegele vimo ndani. Kila nyumba ilikuwa na kanda hizo. Ndiyo maana leo mtu akitaka sauti ya Juma Bhalo ya 1975 haendi Ujerumani kuitafuta.

Sisi nani angenunua kanda yetu? Mtalii. Naye aliondoka nayo.

Haki itendeke, wako waliovuka ukuta huo. Them Mushrooms walikuwa wakipiga katika hoteli kama sisi, na Bw. Teddy Kalanda Harrison akatunga "Jambo Bwana", ulionaswa 1982 na kuimbwa na Boney M mwaka uliofuata. Baadaye bendi yao ilihamia Nairobi ikatoa nyimbo nyingi za maana. Mombasa Roots walichukua chakacha, ngoma ya wanawake wetu, wakaitia katika disko, na vijana wa Majengo na Nairobi wakacheza pamoja. Siri yao kubwa, kwa maoni yangu, ni kwamba walitunga, wakanasa katika santuri, na wakatia majina yao. Sisi wengine tulikuwa na ufundi, naapa tulikuwa nao, lakini ufundi wetu ulikuwa wa kumpigia mtu wimbo alioujua kabla hajapanda ndege.

Kisha ikaja Agosti 1997. Tarehe 13 kituo cha polisi cha Likoni kilishambuliwa, askari wakauawa, nyumba na vibanda vikachomwa, na watu wa bara wakakimbia kwa maelfu. Siasa ya mwaka wa uchaguzi ilikuwa imetia mkono wake. Ndani ya wiki chache vyumba vya pwani ya kusini vilikuwa vitupu. Barua yetu ya kuachishwa ilikuwa na mistari minne. Tulirudisha magitaa, tukarudisha mashati. Utalii ulipojaribu kuinuka ukapigwa tena: bomu la Nairobi Agosti 1998, bomu la Kikambala Novemba 2002, na korona 2020. Kila mara hoteli zilipofunguliwa upya zilifunguka na watu wachache zaidi jukwaani. Kwanza bendi ya watu saba ikawa ya watatu, kisha ikawa mtu mmoja na kinanda kinachojipiga chenyewe, na leo mara nyingi ni kijana na kompyuta. Simlaumu kijana. Meneja hufanya hesabu, na mtu mmoja hula sahani moja.

Hakuna aliyeandamana bendi zilipokufa. Nani angeandamana? Wageni walikuwa kwao, na wenyeji hawakuwahi kutusikia.

Ningalikomea hapo, lakini kuna jambo la leo, na ndilo linalomhusu kijana aliyenipa simu. Katika kanda ile ya 1991 mna nyimbo kumi. Nane ni za watu. Mbili ni zetu wenyewe, na moja, ule alionisikilizisha, tuni yake ni ya marehemu. Alichukua mapigo ya vugo, ile ngoma ya pembe ambayo bibi yake alikuwa akiipiga katika harusi za Lamu, akayatia katika dramu, juu yake akaweka tuni aliyoibuni mwenyewe akivuka Likoni. Maneno ni yangu, na si mazuri. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Kanda ilinaswa kwa usiku mmoja, mgahawa umefungwa, na hoteli ikaiuza mapokezi. Kila mtu alipewa shilingi mia tatu, mara moja, hakuna karatasi iliyotiwa sahihi.

Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 yasema mtunzi wa muziki ana haki katika utunzi wake maisha yake yote, na warithi wake wana haki hiyo miaka 50 baada ya mwaka wa kufa kwake. Haki hiyo haihitaji kuandikishwa ndipo iwepo. Utunzi ukisha kunaswa, iko. Kwa hiyo tuni ile, kwa sheria, ni tirka. Ni sehemu ya mirathi ya marehemu kama vile misumeno na viti ambavyo havijauzwa. Mpigaji naye, hata kama hakutunga kitu, amepewa haki yake mbali kwa kile alichopiga, ijapokuwa kwa kanda iliyotangulia sheria yenyewe hilo nawaachia mawakili.

Lakini haki ni kitu kimoja na fedha ni kitu kingine. Fedha hukusanywa na vyama: kwa watunzi palikuwa na MCSK, tangu 1983, na vingine kwa wapigaji na watayarishaji. Msomaji wa magazeti anajua vyama hivi vimekuwa na misukosuko. Mwaka 2017 idhini ya kukusanya fedha za watunzi ilipewa chama kingine, kesi zikafuata. Mwaka 2021 Bodi ya Hakimiliki ikazifuta idhini za vyama vitatu kwa pamoja. Wanamuziki wanaojulikana nchi nzima wamelalamika hadharani kwamba wanapokea fedha za kununulia soda. Basi yule ambaye jina lake halikuandikwa popote atapokea nini? Chama humlipa mwenye jina katika daftari. Sisi tulitumia miaka tisa kuyaficha majina yetu, sisi wenyewe, kwa wazee wetu na wakwe zetu, na hoteli ikamalizia kazi hiyo.

Katiba ya 2010 imezikabidhi kaunti mambo ya utamaduni na burudani za umma. Kila mwaka twaona matamasha, mashati mapya na hotuba. Lingekuwa jambo jepesi kumtuma kijana mmoja mwenye kinasa sauti akazunguke Kisauni, Majengo, Ukunda na Malindi, awaulize wazee waliobaki: ulipiga wapi, mwaka gani, pamoja na nani, nani alitunga wimbo upi. Majina tu. Na wenye kanda za hoteli majumbani, hasa wale waliokuwa wakifanya kazi mapokezi, wasizitupe. Kanda ya sumaku huharibika kwa joto letu na chumvi yetu, na nyingi zimebakiwa na muda mfupi.

Mimi nimekwisha kuandika yetu: watu saba, majina kamili na mitaa, wanne kati yao marehemu. Nimempa kijana karatasi hiyo, naye amemwandikia yule Mjerumani, ambaye amejibu kwa adabu na kuahidi kutia majina.

Limebaki swali la mjane. Alisikiliza wimbo ule mara mbili, kimya, mtandio umemfunika uso, kisha akacheka kidogo aliposikia mapigo ya vugo. Nilipomweleza habari za haki na tirka aliniuliza, "Shemeji, fedha hizo zikija, niwalishe wajukuu?" Miaka yote hii hakujua kwamba aliyemlisha yeye na wanawe alikuwa mpiga dramu, na sasa atakiwa aamue juu ya shilingi ambazo huenda zisifike kamwe. Nilimwambia nitauliza.

Nimewauliza mashehe watatu. Wa kwanza amesema tuni ni kazi ya mikono yake, na waliokunywa watabeba mzigo wao wenyewe, apokee. Wa pili amesema zitolewe kwa maskini bila kutia nia ya thawabu. Wa tatu ni mzee sana, amesomesha chuoni kwa miaka hamsini, na yeye amesema hawezi kujibu mpaka ausikie wimbo wenyewe. Sijampelekea bado.